Msondo Uliowazika Waajiri Wake

Mwaka 1964 una uzito wake kwa msomaji wa Visiwani, nami sina haja ya kumkumbusha. Bara nako haukuwa mwaka mwepesi. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na maasi yalipozimwa Serikali iliwatia kizuizini viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, ikalivunja shirikisho lao la TFL, na mahali pake pakawekwa chama kimoja tu, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Wanahistoria wa siasa wamekwisha kuyaandika hayo kwa urefu. Jambo ambalo aghalabu hupitwa ni kwamba chama hicho, kilichozaliwa kwa amri, mwaka uo huo kiliunda bendi, kikaipa vyombo na kuwaajiri wapigaji. Na bendi ile ikaja kuishi kuliko chama chenyewe, kuliko mrithi wake, na kuliko mrithi wa mrithi wake.

Kabla ya hapo bendi za dansi zilikuwa mali ya jumuiya za watu waliojuana. Western Jazz, mathalan, iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi walikotoka wenyewe. Cuban Marimba ya Morogoro ilisimama juu ya kipaji cha Salum Abdallah, na alipofariki mwaka 1965 haikuwa tena ile ile. Msomaji wa Unguja anaufahamu mtindo huu wa kuendesha mambo, kwani Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanza mwaka 1905, na Culture, iliyoanza mwaka 1958, ni vilabu vya wanachama. NUTA Jazz iliuvunja mtindo huo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa kulipwa mshahara kila mwezi, kama karani. Gitaa lilikuwa mali ya mwajiri, na siku ya kuacha kazi hulirudisha stoo, akaondoka na vidole vyake tu. Mfano huo uliigwa upesi. Jeshi, polisi, magereza, viwanda na mashirika ya umma vyote vikawa na bendi zao, hata Shirika la Bima likawa na yake.

Mwajiri huyo alizitoa wapi fedha? Hapa ndipo ninapopenda msomaji autazame muziki huu si kutokea Dar es Salaam bali kutokea Ngokolo. Ngokolo ni kata ya mji wa Shinyanga, penye kanisa kuu la jimbo la Wakatoliki, na nyuma yake ni nchi tambarare ya pamba, ng'ombe na miiba. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Ada ya NUTA ilikatwa katika mshahara kabla mtu hajautia mfukoni. Basi mchimbaji wa Mwadui, mtu wa kinu cha kuchambulia pamba na mpiga rangi wa reli, kila mmoja alikuwa na senti zake ndani ya tarumbeta ile, apende asipende. Wengi wao hawakupata kuiona bendi hiyo hata siku moja. Wamiliki wa kweli wa NUTA Jazz walikuwa wasikilizaji wa redio.

Na redio ndiyo iliyokuwa kila kitu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikazibwa hadi 1983. Ikabaki studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia nzima, waimbaji, magitaa, matarumbeta na tumba, ikapiga wimbo kwa mkupuo, na fundi akaunasa kwenye utepe. Akikosea mmoja, huanza wote upya. Utepe ukabaki kwenye rafu za redio. Usiku, mawimbi yalipotulia, sauti zile zilifika Shinyanga, zikapanda na kushuka kama mtu anayeimba huku akivuka kilima, na sisi tuliozisikiliza Ngokolo tuliwajua waimbaji kwa sauti tusizozijua sura zake.

Maneno ya nyimbo yalipimwa kwanza. Redio ilikuwa na watu wa kuyasoma na kuamua lipi lirushwe na lipi lisirushwe, na bendi ya chama cha wafanyakazi ilitarajiwa kuimba siasa ya chama na taifa, nayo ikaimba. Lakini mtunzi anayepimwa maneno hujifunza fumbo, na wapenzi wa ushairi wa pwani hawahitaji kuelezwa hilo. Mke na mume waliogombana katika wimbo wa dansi si lazima wawe mke na mume. Tofauti na taarabu, ambako utungo mara nyingi ni shairi kamili lenye vina na mizani, kisha likatafutiwa muziki, wimbo wa dansi huanza na kisa: barua iliyofika, safari, rafiki aliyegeuka, ndugu wa marehemu wanaogombania godoro. Waimbaji wawili au watatu hukisimulia kwa utulivu, matarumbeta na saksafoni yakijibu, halafu mwendo hubadilika, magitaa hufumana, na kinachofuata huitwa chemko, ambapo maneno hupungua na miguu huchukua zamu. Ukiyaandika mengi ya maneno yale karatasini yanapwaya. Hayo si matusi. Yalitungwa yabebwe na gitaa la kati, na penye mzani uliopungua gitaa ndilo lililojaza.

Kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake, na jina la mtindo lilikuwa kama bendera. Western Jazz walikuwa na Saboso, Maquis Original walikuwa na Kamanyola. NUTA walichagua Msondo. Msondo ni ngoma ndefu ya kupigwa kwa kusimama, ngoma ya jando na unyago, inayojulikana kwa Wazaramo na jirani zao na kwenu Visiwani pia. Si jina la mchezo. Ni ngoma inayolia pale mtoto anapofundishwa kuwa mtu mzima, na waliolichagua walijua wanachokisema: huku ndiko mtu anakofundwa.

Mwaka 1978 akaja mpinzani. Bendi mpya, Mlimani Park, ilianzishwa Dar es Salaam, na miongoni mwa waasisi wake walikuwamo watu waliopita NUTA: mpiga gitaa Abel Balthazar na mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo. Gurumo alizaliwa Masaki, Kisarawe, mwaka 1940, na alikuwa NUTA tangu 1964. Mlimani nao wakachukua jina la ngoma ya Kizaramo, Sikinde. Mwaka 1983 Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua bendi hiyo. Tangu hapo mji ukagawanyika: huyu Msondo, yule Sikinde, na siku za sikukuu bendi hizo mbili zilipangwa jukwaa moja ili watu waamue.

Wageni huliona jambo hili kama ushabiki wa mpira. Msukuma hawezi kuliona hivyo. Katika nchi ya Usukuma, baada ya mavuno, watu wamecheza kwa vizazi katika kambi mbili, Bagika na Bagalu, zinazotaja asili yao kwa waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Kila kambi ina nyimbo zake, dawa zake na matusi yake ya kistaarabu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Pwani nayo ilikuwa na Marini na Arinoti wa beni. Kwa hiyo Msondo na Sikinde hawakubuni kitu. Waliukuta mwili wa zamani wakauvika suruali. Ndiyo maana bendi za mjini zilipokuja kanda hii kiangazi, pamba ikiwa imeuzwa na watu wana fedha, hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu namna ya kuchagua upande.

Sasa tuwatazame waajiri. Baada ya CCM kuundwa mwaka 1977, NUTA iligeuka kuwa JUWATA, jumuiya ya chama iliyowajumuisha na wafanyakazi wa Zanzibar, na bendi ikaitwa Juwata Jazz. Mwaka 1991, upepo wa vyama vingi ulipoanza kuvuma, ikaja OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. Miaka minne baadaye OTTU nayo ikageuzwa kuwa shirikisho jingine, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likazaliwa TUCTA. Kufikia hapo hapakuwa na maana tena ya kubandika ubao mpya kila mara. Bendi ikabaki na jina ambalo wasikilizaji walilitumia tangu awali, Msondo Ngoma.

Hili si jambo la kawaida. TPOK Jazz ya Kinshasa, kubwa kuliko zote Afrika, ilianza mwaka 1956 na ilikuwa Franco. Alipofariki mwaka 1989, haikuchukua miaka mingi kusambaratika. Bembeya Jazz ya Guinea ililelewa na dola ya Sékou Touré, na dola ilipoondoka bendi ikanyamaza kwa muda mrefu. Msondo haikuwa na Franco. Walioondoka walirithiwa. Mwaka 1985 Gurumo na Balthazar walichukuliwa na Hugo Kisima, tajiri wa Orchestra Safari Sound, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Hassan Bitchuka, mwenye sauti nyembamba ya juu isiyosahaulika, amehama na kurudi mara ambazo mashabiki wenyewe hubishania idadi yake. Ilhali mpiga gitaa Said Mabera, aliyeingia mwaka 1973, alikaa pale pale, na nadhani historia imempunja, kwa sababu anayehama huandikwa magazetini na anayebaki huonekana kama samani. Mwimbaji Joseph TX Moshi William aliibeba bendi katika miaka migumu ya 1990, redio za binafsi zilipofunguka na vijana wakahamia muziki wa kizazi kipya, hadi alipofariki mwaka 2006. Gurumo mwenyewe alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, kama mtu aliyekwenda kutembea.

Kuna upande ambao mashabiki hatupendi kuugusa. Mshahara wa mwezi ulimlinda mwanamuziki dhidi ya njaa, lakini ulimfundisha pia kwamba wimbo ni kazi ya zamu, na kazi ya zamu ikiisha imekwisha. Nyimbo zilizopigwa redioni kwa miaka 30 hazikumrudishia mtunzi kitu cha kumjengea nyumba. Sheria ya hakimiliki iliyoleta chombo cha kukusanya haki hizo ilipitishwa mwaka 1999, wakati kizazi cha kwanza cha NUTA kilikuwa kimezeeka au kimezikwa. Mwezi Agosti 2013 Gurumo alitangaza kustaafu, baada ya takriban nusu karne ya kuimba, na kwa kinywa chake alisema hakuwahi kumiliki hata gari. Mwimbaji kijana Diamond Platnumz, ambaye wakati NUTA inaanza hakuwa hata amezaliwa, akamkabidhi gari mbele ya watu. Watu walipiga makofi, na walistahili kupiga. Lakini deni la wasikilizaji wa nchi nzima lililipwa na kijana mmoja, kwa hisani, jioni moja. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Shaaban Dede, mtu wa Kagera, alipita Tabora Jazz, akapita Bima Lee, akaimba Sikinde, akaimba Msondo, akihama na kurudi, na katika maisha yake peke yake unaweza kuisoma ramani nzima ya muziki huu kutoka nchi za magharibi hadi bahari. Alipofariki Julai 2017 alikuwa Msondo. Kumbi zilikuwa zimepungua, matarumbeta yamebaki machache, na waliokuja kucheza wengi wao walikuwa wenye mvi. Nyimbo za zamani zingali kwenye tepu za redio ya taifa, ambayo siku hizi ni TBC, na zinapopigwa mtangazaji bado hulazimika kuchagua ataje jina gani: NUTA, Juwata, OTTU au Msondo. Ngokolo husikii mtu akiuliza. Likianza gitaa, wanajua.