Muoni 59 zilizokosekana Kamioka

Machi 1986, Takaaki Kajita alikabidhi tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Ilihusu kuoza kwa protoni, jambo ambalo hadi leo hakuna aliyelishuhudia. Profesa wake, Masatoshi Koshiba, akampa nafasi ya mtafiti msaidizi chuoni hapo hapo. Hicho ndicho kipindi ambacho vyuo hukiita utafiti wa baada ya uzamivu: mtu si mwanafunzi tena, uprofesa bado uko mbali, na kazi za maabara zisizo na jina kubwa humwangukia yeye. Kajita alianza na kazi ya aina hiyo, kuboresha programu ya kompyuta.

Maabara yao, Kamiokande, ilikuwa tangi la tani 3,000 za maji safi, mita 1,000 chini ya mlima, ndani ya mgodi wa Kamioka nchini Japani. Ndani yake vilipangwa vihisi mwanga 1,000 hivi, kila kimoja na kipenyo cha nusu mita, vikisubiri mmweko wa protoni inayooza. Tangu 1983 mmweko huo haukuja. Kilichokuja, mara moja kila baada ya siku kadhaa, ni nyutrino.

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji, nyepesi mno, inayopenya karibu kila kitu bila kugusa chochote. Wolfgang Pauli aliipendekeza mwaka 1930 ili hesabu ya nishati katika mnunurisho iweze kulingana. Frederick Reines na Clyde Cowan waliithibitisha 1956 karibu na kinu cha nyuklia nchini Marekani. Mwaka 1965 Reines alikuwa Afrika Kusini pamoja na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kwenye mgodi wa dhahabu wa East Rand, zaidi ya kilomita tatu ardhini, kundi lao lilinasa nyutrino zinazozaliwa angani. Mwaka huo huo kundi jingine lilizinasa katika mgodi wa Kolar, India.

Kwa watu wa Kamiokande nyutrino hizo zilikuwa magugu katika shamba la protoni, na hakuna apaliliaye vizuri bila kuyajua magugu yake. Miale ya anga za juu inapogonga hewa, huzaa nyutrino mbili za aina ya muoni kwa kila moja ya aina ya elektroni. Moja ikigonga maji ya tangi, hutokea elektroni au muoni, ambayo ni ndugu mzito wa elektroni, na mwanga wake huchora duara ukutani. Duara la muoni lina ukingo mkali, la elektroni lina ukungu pembeni. Programu ya Kajita ilikusudiwa kutofautisha maduara hayo mawili.

Ilipomaliza kuhesabu, muoni zilikuwa pungufu mno. Kajita amesimulia kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba yeye ndiye aliyekosea. Akayatazama maduara kwa macho yake, moja baada ya jingine. Programu haikuwa na kosa. Yeye na wenzake wakapekua kila hatua, kuanzia vihisi hadi makadirio ya nyutrino zinazoshuka kutoka angani, na kazi hiyo ikachukua zaidi ya mwaka. Katikati yake, Februari 1987, tangi lilinasa nyutrino 11 za nyota iliyolipuka nje ya galaksi yetu. Tukio hilo lilimpa Koshiba umaarufu na, mwaka 2002, Tuzo ya Nobel. Upungufu wa muoni ulibaki pale pale.

Makala yao ya 1988 ilikuwa na takwimu zilizojieleza. Elektroni zilitarajiwa 88.5, zikaonekana 93. Muoni zilitarajiwa 144, zikaonekana 85.

Wengi hawakushawishika. Tangi jingine la maji, katika mgodi wa chumvi jimboni Ohio, nalo lilikuwa likiona upungufu, lakini mitambo ya chuma ya NUSEX na Fréjus, chini ya milima ya Alpi, haikuona kitu. Wenye shaka waliuliza kama tatizo halikuwa katika maji yenyewe. Kulijibu swali hilo kulihitaji matukio mengi zaidi, na kwa hiyo tangi kubwa zaidi.

Super-Kamiokande ilianza kazi Aprili 1996, ikiwa na tani 50,000 za maji na vihisi zaidi ya 11,000. Sasa iliwezekana kulinganisha pande mbili. Nyutrino zinazoshuka kutoka juu zimesafiri kilomita chache tu, zinazotoka chini zimeivuka dunia nzima, karibu kilomita 12,800. Za muoni zilizotoka chini zilikuwa kama nusu ya zile zilizoshuka. Maji ni yale yale na vihisi ni vile vile, kwa hiyo tofauti ilikuwa safari. Njiani nyutrino hugeuka aina, na haziwezi kugeuka bila kuwa na masi, ambayo nadharia iliyokubalika haikuwa imezipa. Juni 1998, katika mkutano uliofanyika Takayama, si mbali na mgodi ule, Kajita ndiye aliyesimama kutangaza. Mwaka 2015 aligawana Nobel na Arthur McDonald wa Kanada, ambaye kundi lake lilithibitisha kugeuka huko kwa nyutrino za jua.

Kati ya hesabu ya kwanza na tangazo la Takayama ilipita miaka 12. Mikataba ya utafiti wa baada ya uzamivu kwa kawaida ni ya miaka miwili au mitatu, na mwenye mkataba hupimwa kwa makala alizotoa. Sasa Japani inajenga Hyper-Kamiokande, tangi la tani 260,000, na watafiti wengi vijana watakaopima vihisi vyake wataondoka kabla majibu hayajapatikana. Kajita alipata muda wa kuhesabu upya kwa sababu kulikuwa na profesa aliyempa kazi bila kumdai protoni.