Nani wa Kusema Mgonjwa Amepona?

Mwaka 1975, Bryan Jennett, profesa wa upasuaji wa ubongo mjini Glasgow, na Michael Bond, bingwa wa magonjwa ya akili, walichapisha katika jarida la Lancet kipimo cha matokeo ya jeraha la ubongo chenye ngazi 5 tu: kifo, uhai usio na fahamu, ulemavu mkubwa wa kutegemea wengine, ulemavu wa kadiri, na kupona vizuri. Haja ilikuwepo. Mashine za kupumulia zilikuwa zimeanza kuwaokoa watu ambao zamani wangekufa, na madaktari walihitaji kujua wanawaokoa kwa maisha ya namna gani. Mwaka mmoja kabla, Jennett na Graham Teasdale walikuwa wametoa kipimo cha fahamu kinachotazama macho, maneno na mwendo wa viungo, ambacho hadi leo hutumika hospitalini duniani kote. Katika vipimo vyote viwili hukumu ilikuwa ya daktari. Naamini hatua kubwa zaidi ya miaka 35 iliyofuata ilikuwa kumpa mgonjwa sehemu ya hukumu hiyo, na kwamba bila hatua hiyo neno “kupona” lingebaki nusu.

Tuwatendee haki waasisi hao: wao wenyewe waliandika kwamba madhara ya akili na tabia humlemea mtu katika jamii kuliko udhaifu wa mwili. Lakini ngazi ya “kupona vizuri” iliwaweka pamoja aliyerudi kuwa yuleyule na aliyerudi kazini huku akisahau ahadi, akiwaka hasira kwa jambo dogo na kupoteza marafiki. Katika miaka ya 1980, Neil Brooks na wenzake, hapohapo Glasgow, waliwahoji ndugu wa majeruhi, na kilichowaelemea ndugu hao kilikuwa hasa mabadiliko ya tabia. Ngazi za kipimo cha matokeo ziliongezwa hadi 8 mwaka 1981, ila hukumu ikabaki ya daktari. Yakaja madodoso ya afya kwa jumla, kama SF-36 la mwaka 1992, ambalo tafsiri yake ya Kiswahili ilijaribiwa Dar es Salaam na matokeo kuchapishwa mwaka 1999. Hilo humuuliza mtu mwenyewe, lakini halina sehemu ya kumbukumbu wala umakini, mambo ambayo jeraha la ubongo huyashambulia kwanza. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2010, Nicole von Steinbüchel na kundi la watafiti wa nchi mbalimbali walipotoa QOLIBRI, dodoso la maswali 37 yanayogusa kufikiri, kujiona, kujitegemea, mahusiano, hisia na mwili.

Pingamizi zito ni hili: ubongo ulioumia utajipimaje? Ni kweli kwamba baadhi ya majeruhi hawatambui walivyobadilika, na wapo wanaoanza kusononeka pale wanapotambua. Hivyo alama ya juu yaweza kuficha upungufu mkubwa. Lakini QOLIBRI haimuulizi mtu anakumbuka kiasi gani, jambo linalopimika kwa majaribio. Inamuuliza ameridhika au anasumbuliwa kiasi gani, na hilo halina shahidi mwingine ila mwenyewe. Asiyeweza kujibu atasemewa na ndugu, na majibu ya ndugu yakipishana na ya mgonjwa, tofauti hiyo ndiyo inayomwonyesha daktari pa kuanzia.

Wengine watasema kumhoji mgonjwa hivyo ni anasa kwa hospitali zinazopokea majeruhi wa bodaboda usiku kucha. Sikubaliani nao. Mwaka 2012 lilitolewa toleo fupi la QOLIBRI lenye maswali 6, lisilohitaji mashine wala umeme. Linahitaji mtu wa kuuliza miezi kadhaa baada ya mgonjwa kuruhusiwa, na ugumu uko hapo, kwa kuwa aliyefika nyumbani akitembea kwa miguu yake huonekana hana sababu ya kurudi kliniki, hata na familia yake.