Baridi na uvujaji wa mafuta katika ndege ndogo

Jiji la Durban, kwenye pwani ya Afrika Kusini, halifahamiki kwa baridi. Hata mwezi Julai, katikati ya kipupwe, joto la mchana hukaribia nyuzi 23 za Selsiasi.

Hata hivyo, ndege ndogo zinazoruka kutoka kiwanja cha Virginia, kando ya Bahari ya Hindi kaskazini mwa jiji, huweza kukumbana na baridi kali katika safari moja tu. Johannesburg, umbali wa karibu kilomita 500, iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto huko huweza kushuka hadi sifuri.

Kwa nini mafuta huvuja?

Maungio mengi ya mabomba, vali na matangi ya mafuta huzibwa kwa pete za mpira. Baridi inapozidi, mpira husinyaa kuliko metali inayouzunguka, na pia hukakamaa. Mpira uliozeeka hushindwa kurudi katika umbo lake, na mwanya hutokea.

Jua likipanda, mpira hutanuka tena na mwanya hujifunga. Rubani anayekagua ndege saa nne asubuhi huenda asione hata tone moja, ilhali alfajiri mafuta yalikuwa yakidondoka. Lakini kasoro ingalipo, na huweza kujitokeza tena angani, ambako joto hupungua kwa takriban nyuzi mbili kila futi 1,000.

Dalili zake

Petroli ya ndege aina ya 100LL hutiwa rangi ya buluu, nayo ikikauka huacha doa. Doa hilo chini ya bawa, au harufu ya petroli ndani ya ndege, halipaswi kupuuzwa: mvuke wake huweza kuwaka hata kwenye baridi ya sifuri.

Dunia ilishuhudia udhaifu huo wa mpira tarehe 28 Januari 1986. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilirushwa baada ya usiku wa baridi kali. Pete za mpira katika mojawapo ya roketi zake zilishindwa kuzuia gesi ya moto, na watu 7 wakafariki dunia.

Kwa rubani aliyelaza ndege yake nyanda za juu, iwe Johannesburg au Nairobi, wakati bora wa kukagua ni kabla ya jua kuchomoza. Naye fundi akikuta mpira umekakamaa, aubadilishe. Kukaza nati pekee hakutoshi.