Shahada ya M.A. ya Edinburgh na Neno "Uzamili": Masomo ya Julius Nyerere Uskoti, 1949–1952

Katika maandishi mengi ya Kiswahili yahusuyo maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, msomaji hukuta sentensi moja fupi, isemayo kwamba alikwenda Uskoti akapata "shahada ya uzamili" katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Sentensi hiyo imekaririwa mara nyingi hata imekuwa kama jambo lisilohitaji kuulizwa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno hilo si sahihi, na kwamba kosa hili, ijapokuwa ni la neno moja tu, limetuficha sehemu yenye manufaa makubwa katika historia ya elimu yake.

Yafaa tuanze na kosa lenyewe. Neno "uzamili" katika Kiswahili cha vyuo lina maana ya daraja ifuatayo shahada ya kwanza. Basi atakayesoma kuwa Nyerere alipata uzamili mwaka 1952, hapana budi ataitafuta shahada yake ya kwanza, na kwa kuwa anajua kwamba Nyerere alisoma Makerere, ataiweka huko. Mwandishi wa makala haya amesahihisha insha kadha wa kadha za wanafunzi zilizoandikwa hivyo. Kumbe Nyerere, aliyesoma Makerere tangu 1943 hata 1945, alitoka huko na stashahada ya ualimu. Chuo hicho kilikuwa bado hakijatoa shahada, kwani kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London kwa ajili hiyo mwaka 1949. Hivyo tafsiri moja mbovu imezaa historia isiyokuwapo. Ukweli ni kwamba M.A. ya Edinburgh ndiyo iliyokuwa shahada yake ya kwanza.

Jambo hili laweza kumshangaza asiyejua desturi za Uskoti. Nchi hiyo ndogo ilikuwa na vyuo vikuu vya kale vinne: St Andrews cha 1413, Glasgow cha 1451, Aberdeen cha 1495, na Edinburgh kilichofunguliwa 1583. Katika Enzi za Kati vyuo vya Ulaya vilikuwa na daraja mbili za elimu ya jumla: ya chini ni ya mwanafunzi aliyepiga hatua, na ya juu ni ya *magister*, yaani mwalimu. Huko Uskoti daraja ya chini ilififia katika masomo hayo, ikabaki ile ya juu peke yake. Ndiyo maana mpaka leo kijana aingiaye katika mojawapo ya vyuo hivyo vinne kusoma lugha, historia au falsafa hutoka na M.A., na hiyo huhesabiwa kuwa shahada ya kwanza. Uingereza kwenyewe mambo yalikwenda njia nyingine. Oxford na Cambridge walibaki na B.A., na mwenye B.A. hupewa M.A. baada ya miaka kadhaa pasipo mtihani mwingine. Basi herufi hizi mbili hazina maana moja hata ndani ya ufalme mmoja, seuze zivukapo bahari na kuingia katika lugha yetu.

Tena kuna mtego wa pili. M.A. ya Uskoti ilikuwa ya namna mbili: ya kawaida, ambayo mwanafunzi husoma masomo mengi kwa upana, na ile iitwayo *Honours*, ambayo huzama katika somo moja au mawili. Namna hii ya pili ilipata nguvu baada ya sheria ya vyuo vikuu vya Uskoti ya mwaka 1889. Kwa Kiswahili wengine huiita "shahada ya heshima", na hapo tena tunapotea, kwani shahada ya heshima kwetu ni ile atunukiwayo mtu mashuhuri bila kuisomea. Nyerere hakusoma *Honours*. Alisoma shahada ya kawaida. Lakini shahada ya heshima alipata: mwaka 1962 Edinburgh ilimtunuku udaktari wa sheria. Mtu atumiaye istilahi moja kwa mambo hayo mawili hawezi kuieleza habari hii ikaeleweka.

Sasa tutazame masomo yenyewe. Nyerere aliondoka Tanganyika Aprili 1949, akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kufundisha katika shule ya St Mary's, Tabora. Gharama zake zililipwa na mfuko wa serikali ya Kiingereza wa maendeleo ya makoloni. Hapo mwanzo alifuata kozi fupi ya kemia na fizikia. Kisha, Oktoba mwaka huo, akaingia katika kitivo cha elimu za lugha na jamii. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, elimu ya uchumi, na anthropolojia ya jamii, aliyofundishwa na Ralph Piddington. Mwaka wa pili alisoma historia ya uchumi na historia ya Uingereza, ambayo mwalimu wake alikuwa Richard Pares. Mwaka wa tatu alisoma sheria za katiba na falsafa ya maadili. Jumla ni masomo saba. Alama zake hazikuwa za kung'aa, ila alifaulu yote, akahitimu Julai 1952.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa la aibu kidogo, nao hupenda kumpandisha Mwalimu daraja kwa kalamu. Mwandishi haoni sababu. Shahada ya kawaida ilikuwa ndiyo shina la kale la elimu ya Uskoti. Vijana waliingia chuoni wangali wadogo, nao walitakiwa wapitie fani nyingi kabla ya kuchagua moja, na falsafa ikiwa katikati ya fani hizo kama mwamba wa nyumba. George Davie, katika kitabu chake *The Democratic Intellect* cha 1961, alidai kwamba upana huo ndio uliokuwa fahari ya vyuo vya Uskoti, na kwamba ulipunguzwa katika karne ya 19 kwa kuwaiga Waingereza. Wanahistoria wamebishana naye katika mengi. Lakini kwamba desturi hiyo ilikuwapo, hakuna akanaye.

Ukiyapanga masomo saba ya Nyerere pamoja na kazi alizozifanya baadaye, utaona kwamba hakuna hata moja lililolala. Akiwa angali Uskoti aliandika insha juu ya uhusiano wa mataifa ya rangi mbalimbali katika Afrika Mashariki, akashirikiana na waliopinga shirikisho la Afrika ya Kati. Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kuitetea hoja iliyomtaka mtu aijue vema tofauti ya koloni na nchi ya udhamini. Hapo mwanafunzi wa sheria za katiba alikuwa kazini.

Katika falsafa twapaswa kwenda kwa hadhari. Kiti cha falsafa ya maadili pale Edinburgh kilikuwa cha John Macmurray, aliyefundisha kwamba mtu huwa mtu kwa uhusiano wake na wenziwe. Wengi wameona mfano wa fikira hiyo katika Ujamaa. Lakini Nyerere mwenyewe, katika kijitabu chake cha 1962, aliyaweka mashina ya Ujamaa katika familia ya Kiafrika. Kufanana si kurithi. Tulichoweza kusema kwa haki ni kwamba alipata huko lugha ya kifalsafa ya kuyatolea hoja mambo aliyoyajua tangu utotoni Butiama.

Lakini sisi wa lugha tuna ushahidi wetu wenyewe, nao umo katika tafsiri. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya *Julius Caesar*, na mwaka 1969 *Mabepari wa Venisi*. Tulitazame jina hili la pili. Katika Kiingereza mfanyabiashara atajwaye katika jina la tamthilia ni mmoja. Nyerere amewafanya wengi. Tena hakumwita "mfanyabiashara" wala "tajiri", bali alichagua neno "bepari". Neno hili asili yake ni lugha za Kihindi, na zamani lilikuwa na maana ya mchuuzi tu. Lakini katika miaka ya Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kubeba maana ya mwenye mali aishiye kwa jasho la wengine. Kwa neno moja mfasiri amekusanya biashara na riba, Antonio na Shylock, Venisi ya kale na Tanzania ya siku zake. Mwanafasihi peke yake huenda asingelichagua, na mwanauchumi peke yake asingelikuwa na tamthilia ya kulitia. Lilihitaji mtu aliyekalia madawati yote mawili.

Hii ndiyo sababu neno "uzamili" si kosa la kupuuzwa. Linatufanya tumdhanie Nyerere kuwa bingwa wa fani moja aliyezidi kuibobea, hali elimu yake ilikuwa kinyume cha hayo: pana, ya kawaida, na ya kwanza. Nasi leo, ambao katika vyuo vyetu mwanafunzi wa lugha aweza kuhitimu asisome uchumi wala falsafa hata muhula mmoja, tungefaidika kuujua ukweli huo kuliko kumwongezea Mwalimu cheo asichokihitaji.

Kwa hiyo mwandishi apendekeza kwamba watungaji wa vitabu vya shule na kamusi za watu mashuhuri waandike "shahada ya kwanza (M.A.) ya Edinburgh", na neno "uzamili" waliachie daraja yake. Tena *Honours* isiitwe "shahada ya heshima". "Shahada maalumu" lingefaa zaidi, mpaka wenye ujuzi watakapopata lililo bora.