Tiba ya mbali: Jinsi sheria za Marekani zinavyoamua ni daktari yupi atalipwa

SHUGHULI za Serikali ya Marekani ziliposimama Oktoba 1, 2025 baada ya Bunge la Congress kushindwa kuafikiana kuhusu bajeti, wakongwe waliozoea kuzungumza na madaktari wao kwa video wakiwa nyumbani walijikuta kwenye njia panda. Kibali cha kisheria kilichoiruhusu Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kulipia huduma hiyo kilikuwa kimekwisha usiku wa kuamkia siku hiyo. Baadhi ya hospitali ziliendelea kuwahudumia wagonjwa zikitarajia kulipwa baadaye. Nyingine zilifuta miadi.

Mgogoro huo ulidumu siku 43. Sheria iliyotiwa saini Novemba 12, 2025 ilirejesha kibali hicho hadi Januari 30, 2026 na kuagiza kwamba huduma zilizotolewa katika kipindi hicho cha pengo zilipwe pia. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyekuwa amefutiwa miadi yake ya Oktoba, agizo hilo lilikuja kuchelewa.

Ili kufahamu jinsi huduma inayotegemewa na mamilioni ya watu ilivyofikia kuning'inia kwenye uzi, yafaa kurejea nyuma. Medicare na Medicaid zilianzishwa kwa sheria moja, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mnamo Julai 30, 1965. Ya kwanza huwahudumia hasa watu wa umri wa miaka 65 na zaidi pamoja na walemavu. Ya pili ni ya maskini, na gharama zake hugawanywa baina ya serikali kuu na majimbo. Wakati huo, daktari kumtibu mtu asiye mbele yake ni jambo ambalo sheria haikulifikiria.

Hatua ya kwanza ilipigwa katika sheria ya bajeti ya 1997. Kuanzia Januari 1999, Medicare ilianza kulipia ushauri wa daktari bingwa kwa njia ya video, lakini kwa masharti magumu: mgonjwa awe katika eneo la mashambani lenye uhaba wa wahudumu wa afya, na mhudumu aliyemtuma awe naye chumbani. Ada moja iligawanywa, bingwa akipata asilimia 75 na mwenzake asilimia 25. Haishangazi kwamba ni wachache waliovutiwa na mpango huo.

Mwaka wa 2000 Congress ililegeza kamba kidogo. Mgao huo wa ada uliondolewa, na kuanzia Oktoba 2001 daktari wa mbali akalipwa ada yake kamili, huku kliniki iliyompokea mgonjwa ikipewa Dola 20 kwa kutoa chumba na mitambo. Masharti hayo yaliandikwa katika kifungu 1834(m) cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii, ambacho ndicho kiini cha mvutano wote uliofuata. Kifungu hicho kilitaja aina za vituo ambamo mgonjwa anaweza kuketi, na nyumba yake haikuwamo. Kikongwe wa kijijini alilazimika kusafiri hadi kliniki ili atazame kioo, na yule wa mjini hakuruhusiwa kabisa hata kama hawezi kuinuka kitandani. Mtindo wa kupiga picha, tuseme ya kidonda, na kumtumia daktari aitazame baadaye ulikubaliwa tu katika miradi ya majaribio ya Alaska na Hawaii.

Ukali huo haukuwa wa bure. Wabunge walihofia kwamba huduma iliyo rahisi kupatikana ingeongeza idadi ya ziara bila kupunguza nyingine, na mlipakodi ndiye angebeba mzigo. Walihofia pia ulaghai, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mnamo Aprili 2019, Wizara ya Haki ya Marekani iliwashtaki watu 24 katika kashfa iliyohusishwa na hasara ya zaidi ya Dola bilioni 1.2, ambapo madaktari waliagizia wazee mikanda ya mgongo na magoti baada ya mazungumzo mafupi ya simu, au bila mazungumzo yoyote.

Kwa hiyo milango ilifunguliwa mmoja mmoja. Sheria ya 2018 iliruhusu wagonjwa wa figo wanaosafishiwa damu nyumbani kuonwa kwa video kuanzia 2019, ikaondoa pia sharti la mashambani kwa waliopatwa na kiharusi. Sheria nyingine ya mwaka huo iliwahurumia waraibu wa dawa za kulevya.

Kisha likaja janga la corona. Machi 2020 Congress iliipa serikali mamlaka ya kusimamisha masharti ya kifungu 1834(m), na katika majuma machache nyumba ikawa kliniki. Daktari alilipwa kana kwamba mgonjwa alifika ofisini. Hata mazungumzo ya simu ya kawaida yalitambuliwa: malipo yake yaliyokuwa kati ya Dola 14 na 41 yalipandishwa hadi kati ya Dola 46 na 110. Ziara za Medicare kwa njia hii, ambazo zilikuwa takriban 840,000 mwaka wa 2019, zilifikia karibu milioni 52.7 mwaka wa 2020.

Kilichokosekana ni uamuzi wa kudumu. Hali ya dharura iliisha rasmi Mei 11, 2023, lakini ruhusa hiyo ilikuwa imekwisha kurefushwa hadi Desemba 31, 2024. Ilirefushwa tena hadi Machi 31, 2025, kisha Septemba 30, kila mara ikibandikwa kwenye miswada ya fedha ya dakika za mwisho. Hakuna hospitali inayoweza kuajiri watu na kununua mitambo kwa ahadi ya miezi sita.

Tiba ya akili ndiyo iliyopata nafuu zaidi. Sheria ya 2020 iliifanya nyumba kuwa mahali halali pa kuipokea daima, ingawa kwa sharti la mgonjwa kuonana na mhudumu ana kwa ana ndani ya miezi sita kabla ya kuanza. Sharti hilo lenyewe liliahirishwa mara kadhaa.

Medicaid ina hadithi nyingine, kwa kuwa kila jimbo hujitungia kanuni zake kuhusu nani alipwe na kiasi gani. Idara ya maveterani ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: tangu 2018, madaktari wake wanaweza kumtibu askari mstaafu aliye katika jimbo lolote. Daktari wa kawaida hana uhuru huo, kwani kwa jumla huhitaji leseni ya jimbo alipo mgonjwa. Dawa zinazodhibitiwa nazo zina sheria yao ya 2008, iliyopewa jina la Ryan Haight, kijana wa California aliyefariki 2001 baada ya kutumia dawa alizonunua mtandaoni bila kuonwa na daktari.

Kwa Wakenya walio na jamaa waliozeekea Marekani, kuna jambo moja la kuzingatia. Isipokuwa katika hali chache, Medicare hailipii matibabu yanayotolewa nje ya nchi hiyo, na daktari aliye ng'ambo hawezi kuidai ada kwa sababu tu alimwona mgonjwa kupitia kioo. Mstaafu anayerejea Nyeri au Kisii akiwa na kadi yake mfukoni atalazimika kutafuta bima nyingine au kulipa mwenyewe.