Terekeza ya Kila Siku: Somo la Wapagazi kwa Watu wa Simu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, leo tuizungumze njia yetu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe hapa Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wengi tunaikumbuka kwa miembe yake tu. Lakini ndani yake mna somo kwa mtu anayelala na simu mkononi na kuamka na simu mkononi.

Bidhaa za njia hiyo zilipita juu ya mabega ya watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70 hivi, yaani karibu kilo 30. Mpagazi alikijua kipimo chake. Akizidishiwa aligoma, au usiku aliutua mzigo akaenda zake. Na mvua za kilimo zilipokaribia, wengi walitaka kuwa makwao washike jembe. Kazi ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Mwendo nao ulikuwa na kipimo. Kirangozi alitangulia, msafara ukaondoka alfajiri, na jua lilipoanza kuchoma wakapiga kambi. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba. Siku zaidi ya 130! Stanley, aliyesifika kwa kuharakisha watu, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Juni. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Sasa nisikilize vizuri. Kulikuwa na mwendo mmoja ambao wasafiri wale waliuandika kwa jina la terekeza. Huu ulikuwa mwendo wa nyika zisizo na maji, kama Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe. Watu walipika na kunywa kwanza, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana jua likiwa kali, wakatembea hadi usiku. Walilala bila kisima, na alfajiri wakaondoka tena hadi wayafikie maji. Ulikuwa mwendo wa dharura. Hakuna kirangozi mwenye akili aliyewaendesha watu terekeza kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Angewamaliza.

Sisi tumeifanya terekeza kuwa desturi. Ujumbe wa kazi unaingia saa tano usiku, nasi tunajibu. Kijana wa bodaboda anaambiwa kila siku mitandaoni kwamba akilala wenzake wanampita. Mama anayeuza asali yetu ya Tabora anajibu wateja huku mtoto anamwita mara tatu. Reli, gari na simu vilituokolea muda. Je, muda huo tumeupeleka wapi? Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi wanapunjika. Tumepewa faragha ambayo mpagazi hakuiota, nasi tumeiuza kwa kutazama video za watu tusiowajua.

Na kuna jambo zito zaidi, wala tusilifiche kwa kuwa linatuuma. Pembe zile hazikwenda kushibisha mwenye njaa. Zilikwenda Ulaya na Marekani kuwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vitana. Kwa ajili ya mapambo hayo, na kwa tamaa ya faida, watu walikamatwa Manyema na kwingineko, wakapitishwa njia hii hii minyororo shingoni. Miongoni mwa waliowaongoza walikuwemo Waislamu wenzetu waliosali sala tano. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini maumivu hayakuisha siku hiyo. Leo madini ya koltani, yanayotumika ndani ya simu, yanachimbwa Kivu, huko huko Kongo ya mashariki, mahali ambapo vita vimewatesa watu miaka mingi. Kwa hiyo unapotaka kubadilisha simu nzima kwa sababu toleo jipya limetoka, jiulize: ni haja, au ni piano ya sebuleni? Sura ya At-Takaathur imetuonya kuhusu kushindana kwa wingi hadi makaburini.

Utaniambia, "Sheikh, bila simu sili." Kweli. Mpagazi naye alitafuta riziki, na riziki ya halali ni ibada. Sikuambii uutupe mzigo. Nakuambia uwe na kituo.

Kwanza, baada ya Isha na kazi za lazima, iweke simu chumba kingine hadi Alfajiri. Mwenye mgonjwa au mwenye zamu ana udhuru wake. Wengi wetu hatuna. Pili, ijue posho yako: kiasi gani kinakutosha wewe na watoto wako? Asiyejua kibaba chake hatashiba hata akipewa ghala. Tatu, ukiwa na watu uliowaajiri, usiwatumie kazi usiku. Wewe ni kirangozi wao, nawe utaulizwa juu yao. Nne, angalia sala. Msafiri ameruhusiwa kupunguza rakaa, hakuruhusiwa kuiacha sala. Itakuwaje sisi tulioketi nyumbani tuseme hatuna nafasi?

Mtume alituusia tuishi duniani kama mgeni au mpita njia. Mpita njia anajua anakokwenda, na anajua alichobeba. Ndugu yangu, leo usiku kabla hujalala, utue mzigo mmoja.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika nyakati zetu, na usitutwishe tusiyoyaweza. Wabillahi tawfiq.