Kwa Nini Lopakhin Hakuposa?

Mtahiniwa akiulizwa tamthilia ya Anton Chekhov, Bustani ya Cheri, ni ya aina gani, aghalabu hujibu: tanzia. Mwalimu, usiharakishe kumkata alama. Hata Konstantin Stanislavski, mmoja wa walioiongoza jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Moscow mnamo Januari 1904, aliiona hivyo, ilhali mtunzi mwenyewe aliiita ramsa.

Bi Ranevskaya anarejea kutoka Paris katika shamba la urithi, miaka kadhaa tangu mwanawe azame mtoni. Madeni yamemlemea na shamba litapigwa mnada Agosti 22. Lopakhin, mfanyabiashara, anamsihi akate miti, agawe viwanja na kuvikodisha. Hasikii. Hatimaye Lopakhin ndiye anayelinunua, kwa rubo 90,000 juu ya deni.

Sasa yatazame mapenzi. Nyumba nzima inangoja Lopakhin amchumbie Varya, binti wa kulea wa Ranevskaya. Katika tendo la nne wanaachwa peke yao. Wanazungumzia baridi na kipimajoto kilichovunjika! Mara Lopakhin anaitwa nje, anatoka. Varya analia.

Wengi wetu hufundisha kwamba ni haya tu. Sikubaliani. Rudi nyuma hadi 1861, Tsar Alexander II alipowaachilia wakulima waliomilikiwa pamoja na ardhi. Baba na babu yake Lopakhin walikuwa watumwa katika shamba hili hili, wasiruhusiwe kukanyaga hata jikoni. Varya ndiye mshika funguo wa nyumba. Anaposikia nani kanunua, anazitupa sakafuni, Lopakhin anaziokota. Baada ya hapo angeposaje, bila posa yenyewe kufanana na mnada? Isitoshe, moyo wake uko kwa Ranevskaya, aliyembembeleza utotoni siku babake alipompiga hadi akatokwa na damu puani.

Chekhov aliyajua ya pande zote mbili. Babu yake alijikomboa utumwani mwaka 1841. Na babake alipofilisika mwaka 1876, nyumba yao ya Taganrog iliishia mikononi mwa mpangaji waliyemwamini. Ndiyo maana hakutaka Lopakhin aigizwe kama mlafi asiye na utu. Alimtaka Stanislavski mwenyewe aichukue nafasi hiyo. Yeye akachagua kuwa Gaev, kaka yake Ranevskaya.

Na utakapomfikia mzee Firs, mtumishi anayeuita uhuru wa 1861 balaa, na ambaye mwishoni anasahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa, jiulize funguo ziko kwa nani.